Fuwele Iliyotokwa Jasho Bukiriro

Nyumbani kwetu Bukiriro, mtu akirudi safari haufungui mzigo wake mwenyewe. Mama anaupokea mlangoni, anaufungua mbele ya waliokuja kusalimia, na kilichomo kinapita mkono kwa mkono. Hayo nayajua tangu utotoni, na bado nilisahau.

Nilikuwa napita siku mbili tu, nikielekea Rusumo kuvuka mpaka, nikapande ndege Kigali niende kwenye maabara ya watu. Begini nilikuwa na bomba la kioo lenye ukubwa wa kidole, limezibwa vizuri, na ndani yake fuwele moja nyeusi niliyohangaika miezi minane kuikuza. Sumaku za kawaida unazigeuza kwa sumaku nyingine, au kwa koili inayokula umeme na kupata moto. Mimi nilitaka kuonyesha kwamba usumaku wa fuwele yangu, iliyojengwa kwa tabaka nyembamba mno, unageuzwa kwa volti peke yake, bila mkondo wa umeme kupita ndani. Nilipewa wiki moja ya kuipima. Fuwele nyingine sikuwa nayo, na adui yake ni unyevu.

Nilikwenda kuoga. Niliporudi sebuleni, kizibo kilikuwa mezani na fuwele ilikuwa kwenye kiganja cha shangazi yangu, inatokwa jasho.

"Mama, umeniharibia maisha!" nilifoka mbele ya wageni. Nina hasira za karibu, najijua, lakini siku ile nilipitiliza. Shangazi aliirudisha fuwele bombani haraka, na wageni wakaaga mmoja mmoja.

Mama hakubishana nami. Alikaza kizibo, akalizika bomba kwenye kopo la mchele mkavu.

"Mgomba ukioza nje tunaumenya," alisema. "Nenda kamenye."

Msimamizi wangu wa masomo aliniambia kwa simu nirudi Dar es Salaam nianze upya. Nilikataa. Kesho yake nikavuka mpaka.

Kule maabara, ndani ya sanduku lisiloingiza hewa, nilimenya fuwele kwa utepe wa gundi. Tabaka za juu zilikuwa tope. Nikatupa utepe, nikachukua mwingine, kisha mwingine. Siku ya tatu nikapata kipande kikavu kinachometa, chembamba kuliko unywele. Nikakiweka kwenye baridi kali, nikapandisha volti. Mstari wa usumaku kwenye skrini haukutikisika. Nilirudia siku mbili nzima, nimekunja uso. Siku ya mwisho mstari ukavuka upande wa pili. Nikageuza volti, ukarudi. Nililia kwa furaha.

Nikapiga simu nyumbani.

"Shikamoo mama. Imegeuka!"

"Marahaba mwanangu. Ulimenya?"

"Nilimenya."

Alicheka. "Dada yako alikuja jana kutoka Biharamulo. Nimemwambia afungue mzigo wake mwenyewe. Mimi mizigo ya watu sifungui tena."

Furaha yote iliniishia pale pale, nikaona aibu.

Niliporudi Bukiriro sikwenda kuoga. Nilisubiri sebule ijae, shangazi akiwemo, nikampa mama begi kwa mikono miwili. Ndani lilikuwamo bomba lile lile na fuwele iliyobaki.

"Fungua, mama. Ipite kwa wote."

Alinitazama. Akachukua upindo wa kitenge, akafuta mikono kidole kwa kidole mpaka ikakauka kabisa, kisha akavuta kizibo.