Jina la Kahawa ya Mzee Moosa

Ilikuwa mwaka elfu mbili na ishirini... hapana, ishirini na moja, maana ule wa kwanza Mzee Moosa wa mtaa wa Buyenzi alikuwa bado haoni kitu. Mtoto wa jicho alimfunika macho yote mawili. Fundi wa magari aliyezoea kuijua nati kwa kuitupia jicho tu, akawa anapapasa kuta za nyumba yake mwenyewe. Akaweka nadhiri: macho yakirudi, kitu cha kwanza atakachotengeneza kwa mikono yake atakiita Alhamdulillahi.

Madaktari wakampasua, macho yakarudi. Gereji haikurudi, mgongo ulishakataa. Lakini mkewe, Hayat, alikuwa na kinu. Basi mzee akaanza kukaanga buni, kuitwanga pamoja na tangawizi na iliki, na kuijaza katika mifuko ya karatasi. Orlane, mwenye duka kule mtaa wa Kinindo, alionja kikombe kimoja akaagiza mifuko sitini kwa Jumatatu.

"Lakini iwe na jina, Mzee. Kitu haina jina, mi siweke mu duka."

Jina si lilikuwapo? Akachongesha muhuri, akapiga mifuko kumi ya kwanza, akawagawia majirani waonje.

Siku ya tatu, akienda kuswali adhuhuri, aliuona mfuko wake mtaroni, juu ya maganda ya ndizi. Tairi la baiskeli lilikuwa limepita juu ya jina la Mungu. Macho yale yale aliyoyashukuria ndiyo yaliyomwonyesha. Akashuka mtaroni na kanzu yake nyeupe.

"Baba Maha, ulianguka?" Hayat aliuliza alipomwona na tope hadi magotini.

"Apana. Ni jina ya Mungu ndiyo niliangusha."

Akapita mlango kwa mlango kuikusanya mingine tisa. Minane aliipata, wa tisa ulishafungiwa karanga. Jioni ya Ijumaa akakaa mbele ya mifuko sitini mitupu. Jina takatifu haliwezekani tena, na jina lolote lingine lilikuwa kuvunja ahadi.

"Na mutu alikushika mukono miezi munane," Hayat akasema, "ulishamuambia hata asante?"

Huyo alikuwa Sylvère, jirani yao, Mkristo, mlinzi wa nyumba moja huko Kinindo. Kila alfajiri, akitoka zamu, kabla hajalala, alimpeleka Mzee Moosa msikitini, akakaa nje mpaka swala iishe, akamrudisha. Hakuna aliyemtuma.

Kesho yake mzee alimkuta anajinyoa uani.

"Sylvère, ninaomba jina yako."

"Ya kufanya nini, Baba Maha? Mi niko na moja tu!"

"Ya kuandika ku kahawa ya duka ya Kinindo. Lakini nikuambie kweli: watu watakunywa, karatasi watatupa mu mtaro. Watakukanyaga."

Sylvère alicheka hadi povu likamdondoka kidevuni. "Patron, ule ninalindia nyumba, ananikanyaga miaka makumi mbili sasa! Andika tu. Kumbe atakuwa ananinunua, na asubuhi ananikunywa!"

Jumatatu mifuko sitini ikaenda Kinindo, imeandikwa SYLVÈRE. Kabla ya wiki kwisha Orlane akataka mingine.

Mpaka leo Sylvère akitoka zamu hupitia kikombe chake. Mzee Moosa humtazama anavyopuliza mvuke, akayashukuru macho, akakishukuru kinu, akamshukuru jirani, na Aliyempa vyote hivyo. Neno moja tu halijamtulia. Amemuuliza Hayat, naye akajifanya anapepeta buni. Amemuuliza Sylvère, naye akasogeza kikombe aongezewe.

"Mi nilimuahidia Mungu jina yake, halafu nikaandika ya mutu. Alipokea, ao bado ananingojea?"