Pipa la Makaa na Mama Mkwe

Fundi wa kuchomelea ni mtu mzuri, sikatai. Ila mbele ya mama mkwe wake hugeuka mtoto anayengoja kusifiwa. Tangu karakana alikofanya kazi ifungwe anachoma makaa nyuma ya nyumba, kwenye pipa alilolitoboa matundu mwenyewe. Pipa ni lake. Subira ni ya mkewe. Mke ndiye anayeuchunga moshi: ukiwa mweupe na mzito, kuni bado zina maji, ukiwa mwembamba wa samawati, huziba matundu na mfuniko kwa udongo. Baada ya hapo ni marufuku kugusa mpaka pipa lipoe kabisa.

"Makaa yakipata hewa yangali na moto, yanawaka," humwambia. "Utabaki na majivu."

"Najua, mama watoto. Kwani nimezaliwa jana?"

Siku hiyo mama mkwe alikuja kuiona kazi. Shambani kwake kuna miti iliyozeeka, na wachomaji wengine walishaitolea macho. Alitaka kujua kama mkwewe anaiweza kazi au ana mdomo tu. Bila miti ile fundi hana kuni, na bila kuni hana kazi.

Pipa lilikuwa bado vuguvugu. Mke akamsihi mama yake apumzike ndani, akaingia jikoni kuandaa chai. Fundi akabaki uani, roho juu. Alitaka mkwe akitoka akute sinia limejaa makaa. Akabandua udongo, akainua mfuniko.

Kwa kitambo kidogo makaa yalikuwa meusi, mazuri hasa. Kisha wekundu ukatambaa kutoka katikati, yakaanza kushika moto. Fundi akaduwaa, mikono kiunoni. Mkewe ndiye aliyetoka mbio, akaunyakua mfuniko kwa pindo la kanga na kuurudisha, kiganja kikamwungua. Mama yake akamkuta bado ameuinamia.

"We binti! Umefungua mapema?"

Mke alimtazama mumewe. Alimpa nafasi, tena ya kutosha. Fundi akakohoa, akaangalia ndara zake.

"Ni mimi, mama," mke akasema. "Nilidhani limepoa."

"Mwenzio anahangaika, wewe una pupa! Ndivyo nilivyokulea?"

Fundi alisikia uso unamchoma kwa aibu. Kilichomwaibisha zaidi ni kwamba moyo wake ulikuwa umetulia kidogo.

Jioni pipa lilipopoa, nusu ilikuwa majivu. Nusu iliyookolewa na mfuniko ilikuwa makaa safi. Mama mkwe akagonganisha vipande viwili, vikalia vizuri, akamwitikia fundi kwa kichwa, ameridhika.

"Kazi unaijua, mwanangu. Miti chukua. Ila sharti langu moja tu: huyu asiliguse tena pipa lako. Atakutia hasara."

Mke alikuwa amechovya mkono kwenye ndoo ya maji. Hakuinua uso.

"Sawa, mama," fundi akajibu.