Faraj wa Kuze na Orodha ya Marehemu

Tangu astaafu, Faraj alikuwa amebadilisha asili yake mara mbili. Siku alipoaga kazini, katika afisi moja ya kutoa mizigo bandarini, alikuwa Mswahili wa mtaa wa Kuze, Mombasa, kama baba yake na babu yake. Ramadhani ya kwanza ilimkuta ni Mshirazi. Mwaka wa pili, binti yake alipomfundisha kutumia wasapu, akawa Mwarabu wa Omani, tena wa ukoo wa makadhi, na wenzake wa barazani wakaacha hata kubishana naye. Walimpisha akae, wakamsukumia kikombe cha kahawa, wakaendelea na bao lao.

Babu mwenyewe, Faiz, alikuwa mpika halua. Alikoroga sufuria maisha yake yote, akafa na alama za moto mikononi, na hakuna aliyewahi kumwita Sheikh mpaka Faraj alipofungua kikundi akakiita Kizazi cha Sheikh Faiz. Watu zaidi ya mia waliingia. Wengi waliingia kwa haya, maana ukiitwa na ndugu utakataaje, na wachache waliingia wapate cha kucheka. Kila alfajiri Faraj aliwatumia dua yenye picha ya waridi, na baada ya dua aliwatumia babu mpya.

Miongoni mwao alikuwamo Riyadh, mfanyabiashara wa Muscat, ambaye nyanya yake alisemekana kuzaliwa nyumba moja na Faiz. Riyadh aliandika kwa Kiswahili cha kubabaisha kwamba Agosti angefika Mombasa na angependa kuwaona jamaa zake. Hakuandika zaidi ya hayo. Lakini Faraj aliyasoma mengi yasiyoandikwa: alijiona akitambulishwa kuwa mzee wa ukoo, akialikwa Muscat, akifukizwa udi sebuleni mwa watu wakubwa. Akatangaza kikao cha jamaa wote, na khitma ya kuwarehemu wazee, na shajara, yaani mti wa ukoo, itakayochapishwa kwenye bango.

Yote hayo yalihitaji nyumba, na nyumba haikuwa yake. Ilikuwa ya mama yake, Bi Mwanabaraka, binti mkubwa wa Faiz, bibi wa miaka themanini na minne ambaye miguu ilikuwa imekataa lakini ulimi ungali mzima. Ni haki kusema kwamba Faraj alimtunza mama yake. Kwa miaka saba ndiye aliyempa dawa, akamkanda miguu, akamsomea habari za mjini mpaka asinzie. Hakukuwa na mtu duniani ambaye radhi zake alizitaka kama za huyu bibi.

"Nyumba ntakupa," mama alimwambia. "Na uchinje mbuzi umtakaye. Lakini ukiwakusanya watu wote hao, na Zakiya unikusanyie. Miye siku zangu zimekwisha, na nduu yangu sijamtia matoni tangu nina meno yote."

Zakiya alikuwa mdogo wake, ndugu wa pekee. Nyumba ile ilikuwa na desturi ya kuoza mabinti kwa binamu zao, na Mwanabaraka aliolewa hivyo bila neno. Zakiya alipowekewa wake, alimtazama, akatoka kwa mlango wa uani, akaolewa na Kaingu, Mgiriama aliyekuwa fundi wa reli. Baba yao aliapa asilisikie jina lake ndani ya nyumba, na baba alipokufa, mume wa Mwanabaraka akakichukua kile kiapo kama urithi. Miaka sitini ilipita hivyo. Sasa wanaume wote wawili walikuwa kaburini, na Bi Mwanabaraka aliona hakuna tena wa kumwomba ruhusa.

Faraj alimtafuta mama yake mdogo kwa simu moja. Rafiki yake mmoja wa zamani, aliyemjua kila fundi wa reli, alimjibu papo hapo: yuko hai, yuko Magongo, mjane wa Kaingu, watu wamwita Mama Mirriam, na kanisani kwao ndiye mkubwa wa akina mama. Ana watoto sita na wajukuu asiojua idadi yao.

Habari njema, mtu angesema. Faraj aliikalia kitako. Jioni alikwenda zake ufukweni Mama Ngina, akanunua mihogo ya kukaanga, akaila akiitazama bahari na kuipanga shajara kichwani. Kila alipoitundika, tawi la Zakiya lilining'inia na akina Kaingu, Kazungu, Everlyne na Jael, pale pale mbele ya macho ya Riyadh wa Muscat. Alilikunja huku, akalificha kule, halikufichika. Mihogo ilipokwisha, akaamua kumfisha.

Alipofika nyumbani alimwambia mama yake kwamba amezunguka sana, na kwamba Mungu amemchukua Zakiya zamani. Bi Mwanabaraka hakupiga kelele. Aligeukia ukutani, na siku tatu hakutaka chakula wala kukandwa miguu. Siku ya nne alisema, ikiwa ni hivyo, basi jina la Zakiya litiwe katika khitma, lisomwe kwa sauti, apate naye dua ya watu wake. Faraj aliahidi. Kwenye ile orodha ya marehemu aliliandika kwa mkono wake, kwa mwandiko mzuri wa karani.

Kwenye bango ilibidi awe mwangalifu zaidi. Marehemu mwenye wajukuu bado ni marehemu mwenye wajukuu. Kwa hivyo chini ya jina la Zakiya binti Faiz aliandika: alifariki utotoni, hakuacha kizazi. Bahati ilikuwa upande wake, maana mama yake alisoma herufi za msahafu, hizi nyingine hakuzijua.

Bango alikwenda kulichapisha Makupa, kwa mtu asiyejulikana mtaani, ili pasiwe na maneno. Mchapishaji alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mpole, jina lake Lennox. Aliusoma ukoo wote kwenye kompyuta yake, akarudi juu, akausoma tena.

"Mzee," akauliza, "huyu Bi Zakiya binti Faiz wa Kuze, mna hakika alikufa?"

"Mwenye ukoo ni mimi," alisema Faraj. "Wewe chapisha ulivyopewa."

Lennox akachapisha alivyopewa. Faraj hakumuuliza ni mtoto wa nani, yeye ambaye mwaka mzima hakukutana na mtu bila kumuuliza ni mtoto wa nani. Angeuliza, angeambiwa Lennox Kaingu, na kwamba asubuhi ile ile alikunywa chai na nyanya yake Zakiya binti Faiz, aliyezaliwa Kuze. Siku na saa ya kikao zilikuwa juu ya bango kwa herufi za kusomeka ng'ambo ya barabara. Lennox hakuhitaji kuandika popote.

Jumamosi ya kikao, baada ya sala ya alasiri, kichochoro kilifungwa kwa turubai. Wanaume walikaa mikekani nje, wanawake walijaa ndani kwa Bi Mwanabaraka, na kipaza sauti kilielekezwa dirishani kwake asikose hata neno. Pilau ilinukia mtaa mzima. Riyadh, kijana mnene mwenye tabasamu, alipewa kiti cha peke yake chenye mto wa mahameli, na Faraj alisimama kando yake akimwonyesha bango kwa fimbo. Waliokuwa nyuma walimpa Sheikh Faiz heshima zake, na mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama halua ya Sheikh ingekuwapo.

Juzuu zikasomwa, Yasini ikasomwa. Ndipo Maalim Hussam, aliyeiongoza khitma, akaishika ile orodha, maana thawabu za khitma hutunukiwa wafu mmoja mmoja kwa jina. Alisoma majina kumi na tisa, na kila jina likapata amina yake. Akafika la ishirini.

"Zakiya binti Faiz."

"Abee," ikajibu sauti kutoka mwanzo wa kichochoro.

Kila mtoto wa kike wa Kuze amefundishwa hivyo: ukiitwa na mkubwa, waitika kwanza, mengine baadaye. Bibi mmoja mfupi, kajitanda leso, alikuwa amesimama hapo akishikilia mkono wa yule mchapishaji wa Makupa. Jina lake pamoja na la baba yake hakuna aliyemwita nalo kwa miaka sitini, na jibu lilimtoka lenyewe. Maalim alivua miwani, akaifuta, akalirudia jina taratibu ili awe na hakika.

"Abee, Maalim," akasema tena, kwa adabu ile ile.

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa nyuma, na baada yake hakukuwa na wa kuwazuia. Riyadh, ambaye Kiswahili chake hakikufika mbali, alimuuliza Faraj kama hapa Mombasa ni kawaida marehemu kuhudhuria. Riyadh akainuka, akampa yule bibi kiti chake, naye akamshukuru akasema hakuja kukaa, amekuja kwa dada yake. Wanaume wakakunja miguu kumpisha. Mlangoni alipita chini ya bango, na Lennox akamsomea lililoandikwa juu yake, hakuacha neno. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama viatu avivue hapa au ndani.

Ndani wanawake walipiga vigelegele, kisha wakalia, kisha wakanyamaza kumsikiliza Bi Zakiya akimweleza dada yake lililoandikwa kwenye bango, na Faraj nje alikisikia kimya kile zaidi kuliko vigelegele. Pilau ililiwa. Riyadh alipiga picha na akina Kaingu wote waliokuja, akamuaga Faraj kwa heshima, na wala hakuitaja Muscat.

Mtaa ulipotulia, na jua halijazama bado, Faraj alikwenda hadi chumbani kwa mama yake. Pazia lilikuwa limeshushwa. Ndani, Bi Zakiya alikuwa akimkanda dada yake miguu, na sauti zao mbili zilifanana mpaka hukujua ni ya nani. Alisimama nje ya pazia kama mtoto aliyevunja kitu cha watu.

"Hodi, mama," akasema. "Ni miye."

Sauti zikakatika. Akangoja aambiwe karibu. Mama yake alikohoa kidogo, na aliposema, hakusema naye.

"Wasikia, Zakiya? Nalikuwa na mwanangu mwenye sauti kama hiyo. Mungu amrehemu."

"Amin," alisema Bi Zakiya. "Alikufa lini?"

"Leo, baada ya alasiri."