Milo Mitatu mpaka Dar es Salaam

Mimi umbali naujua kwa tumbo. Shule niliishia darasa la pili, kilomita walibaki nazo wenzangu. Songea mpaka Dar es Salaam ni milo mitatu: Njombe unakula, Iringa unakula, Morogoro unakula, na kila mahali dereva akipiga honi unakimbilia basi na mfupa mdomoni. Na Njombe ukisahau koti, meno yanacheza ngoma. Lakini nilitaka kusema ya harusi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu ruksa, hata wanunuzi binafsi wa tumbaku wakaanza kutushukia na vindege vyao. Binti yangu wa kwanza alikuwa anaolewa Dar, Jumamosi saa nne asubuhi, na alishasema: "Baba usipokuwepo, kanisani siingii." Mama yake alitangulia Dar. Mimi nikabaki kupalilia mahindi, ujinga wangu huo, mpaka mvua ikakata barabara. Ijumaa basi halikutoka. Nililia, sifichi.

Mnunuzi mmoja aliyekuwa anahifadhi tumbaku yake kwangu pale Mshangano, pembeni ya Songea, akanihurumia. "Mzee, kesho asubuhi naondoka. Kiti kimoja kipo kwenye ndege."

Dada yangu akachinja jogoo, akampika, akafunga mafungu matatu, akayatia kikapuni. "Ndege nayo inachoka," akasema. "Lazima itapumzika njiani."

Basi tukaruka! Weee! Tumbo lilibaki Songea, mimi nikaenda. Nilicheka peke yangu kama niliyekunywa pombe ya ulanzi. Mawingu nimeyaona mgongoni, nani wa ukoo wetu aliwahi? Hata sijamaliza kucheka, tukashuka.

"Mzee twende, gari lipo," akasema mnunuzi.

"Tangulieni tu, mimi nakula hapahapa."

Akanishangaa, akaenda zake. Nikakaa kivulini chini ya bawa, na koti langu, nikafungua fungu la kwanza. Jasho likanichuruzika mpaka kwenye paja la kuku. Nikawaza, Njombe imeharibika siku hizi, baridi yote wameipeleka wapi?

Nikala taratibu, nikasinzia kidogo. Rubani akaja.

"Shikamoo mzee. Unangoja nini?"

"Marahaba. Nangoja honi."

"Honi gani?"

"Ya kuondoka. Karibu kuku, maana mpaka tufike Iringa..."

Akakaa chini kabisa, kashika mbavu. "Mzee wangu, hapa ni Dar! Tumekuja kwa masaa mawili tu!"

"Na sasa saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu."

Mama yangu! Rubani mwenyewe ndiye aliyenisukumia kwenye teksi, kikapu mapajani. Dereva akapiga honi njia nzima, na ndiyo honi niliyokuwa naingoja.

Watu wote walishaingia kanisani. Mlangoni amebaki binti yangu na shela lake, mama yake anamvuta mkono, yeye kagoma kama mbuzi. Kuniona, akapiga yowe.

"Baba! Umekujaje?"

"Kwa mlo mmoja," nikamwambia, "na wenyewe sikuumaliza."

Nikamshika mkono kwa vidole vyangu vyenye mafuta. Glovu yake nyeupe ikapata doa la manjano, mama yake akanifinya. Binti akaanza kucheka, nami nikacheka, tukaenda hivyo hivyo mpaka altareni, padre anatungoja tunyamaze. Glovu anayo mpaka leo. Hajaifua.