Kisu cha Mkono Wangu

Nyumba yetu ya Wawi haikuwa na mwanamume, na kwa hiyo haikuwa na kisu cha maana. Tulikuwa na kimoja butu cha kumenyea mihogo, basi. Baba alikuwa ameshafariki, nami nilikuwa nimerudi kwa mama na talaka yangu, miaka michache kabla ya vita vya pili. Kuku tulikuwa nao tele. Lakini akitakiwa wa kuliwa ilibidi nimfunge miguu, nimtie kwapani, nitoke kwenda kutafuta mtu wa kunichinjia, maana kwetu mwanamke hachinji. Kijana aliyetahiriwa juzi alifaa kuliko mimi niliyehitimu msahafu.

Mchinjaji wetu alikuwa ami, binamu yake marehemu baba, aliyekaa nyumba ya pili. Kisu chake kilikuwa cha kukunja, cha dukani mjini Chake, kikicheza kwenye kipini kama jino bovu. Alikinoa mbele ya kuku mwenyewe, jambo tulilokatazwa tangu chuo cha Kurani, kisha akakata, akakata, akakata tena. Akimaliza alikaa barazani kungoja firigisi. Firigisi ni ya mwenye nyumba, na kama nyumba haina mume, ni ya aliyechinja. Kwa baba ilikuwa ya baba, kwa mume wangu ikawa ya mume wangu, na sasa ilikuwa ya ami. Sisi tuliambiwa mwanamke akiila huwa mkaidi. Mimi sikuwahi kuionja, na ukaidi nilikuwa nao.

Asubuhi moja nilikuta ngawa amemng'ata jogoo wetu mkubwa. Alikuwa bado yu hai, anatapatapa. Nikamchukua mbio hadi kwa ami. Ami alikuwa amerudi kulala baada ya sala ya alfajiri, na mkewe akaniambia ningoje, hapendi kuamshwa. Nikasimama uani mwao mpaka jogoo akanifia mikononi, akawa kibudu asiyeliwa na mtu. Ndipo ami akatoka, akajinyoosha, akatazama.

"Ungekuwa na mume weye," akasema, "hayano yasingekupata."

Nilimfukia jogoo mgombani kwa hasira, na kabla sijamaliza kusawazisha udongo nilikuwa nimeshaamua.

Msimu wa karafuu ulipokwisha, wenzangu niliochambua nao walikwenda Chake kununua leso. Mimi niliyapita maduka, nikashika njia ya Pujini kwa mhunzi. Watu walisema kisu chake hurithiwa. Nilimkuta mzee mwenyewe anachochea moto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watakani?"

"Nataka kisu cha kuchinjia. Kisiwe cha kukunja."

"Mwambie mwenyewe aje. Kipini hupimwa mkono."

"Mwenyewe ni miye."

Akatazama nyuma yangu, labda kuna mtu kajificha. "Huna kaka?"

"Sina."

"Hata jirani?"

"Jirani ninaye. Ndiye aliyenileta huku."

Akanionya kuwa mkono wangu ni mdogo, na kwamba nikibadili nia hapatakuwa na mwanamume wa kukinunua kisu hicho. Nikamwambia sibadili. Basi akachukua ukili wa mkeka, akauzungusha kwenye kiganja changu, akafunga fundo kuweka alama, akaniambia nirudi.

Niliporudi kilikuwa tayari. Alikifua kutoka kwenye tupa kuukuu. Chuma kilipita ndani ya kipini cha mfenesi mpaka mwisho, na shingoni alikitia pete ya shaba. Nilikishika, nacho kikakaa. Sikuwahi kuwa na kitu kilichofanywa kwa kipimo changu. Hata nguo niliyoolewa nayo ilikuwa ya kuazima. Nilimlipa bila kushindana bei, nami ni mtu wa kushindana.

Mama alipokiona hakukigusa.

"Ukichinja weye, miye sili. Sili kibudu."

"Si kibudu, mama. Kitabu kinaruhusu."

"Kitabu umekisoma weye. Miye nimezaliwa nikaikuta mila."

Hapo niliogopa kweli. Mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye homa ndefu, amebaki mifupa, uji anautema, hamu yake yote ni supu ya kuku. Nikimwendea ami, mama atakula. Nikishika kisu changu, huenda asile, na dhambi ya njaa yake iwe yangu. Nililigeuza jambo hilo kila upande, na kila nilipotaka kushindwa nilimkumbuka jogoo.

Ijumaa nikamkamata kuku mmoja mnene. Ami habari zilikuwa zimeshamfikia, akaja na kisu chake mkononi.

"Lete kuku."

"Ahsante, ami. Leo nachinja mwenyewe."

"Mwanamke hachinji."

"Kasema nani?"

"Ndivyo tulivyozoea."

"Basi mtazoea na hili."

Akataka akione hicho kisu. Nikampa. Alikigeuza, akakibana, vidole vyake vikakizidi kipini, akanirudishia kama mtu aliyevalishwa kiatu cha mwanawe. Kisha akaenda kukaa barazani. Nilijua anangoja nini: amwone mama akikataa, nami nifedheheke.

Nilimwelekeza kuku kibla. Nilikificha kisu nyuma yangu asikione. Nikapiga bismillahi ya kusikika mpaka njiani, nikakata mara moja. Akatulia upesi. Mama alikuwa amekaa kizingitini, kajitanda leso, anatazama.

Nikapika. Nikamwekea mama bakuli mbele yake, nikakaa chini. Aliitazama ile supu mpaka nikadhani itapoa.

"Ami yako," akasema, kwa sauti ya kufika barazani, "alikuwa akikata mara tatu."

Akapiga bismillahi, akanywa. Akanywa tena, mpaka jasho likamtoka usoni, nami nikageuka nisionekane nikilia.

Halafu akapekua bakulini kwa vidole, akaitoa firigisi. Kule nje ami akakohoa, kile kikohozi chake cha kukumbusha. Mama akaniambia nifungue mkono, akaiweka kwenye kiganja kile kile alichokipima mhunzi.

"Kula," akasema. "Ni ya mchinjaji."

Niliila pale pale, mlango uko wazi.