Nilimwambia Binti Yangu Amwazime Mwenzake Kadi, Sasa Italia Inamtaka

Admin, nifichie jina langu na majina ya wanangu, maana ndugu zangu wamo humu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nane, Mtanzania wa Singida, nafanya kazi za ndani hapa Dubai, maeneo ya Rashidiya, mwaka wa tisa sasa. Shule niliishia darasa la tano, nikikosea kuandika mnivumilie.

Nina binti mmoja tu. Nilipokuja huku alikuwa na miaka kumi na tano, nikamwacha kwa dada yangu mkubwa. Dada alimlea pamoja na binti yake, wakalala kitanda kimoja, wakavaa nguo kwa zamu. Wanafanana mpaka mimi mwenyewe nikitumiwa picha naangalia mara mbili.

Binti yangu alipata kazi Italia ya kumhudumia bibi mmoja mzee, akapewa kadi ya ukaazi. Baadaye akapata nafasi ya kusomea uuguzi Ujerumani, na kibali kingine. Ile kadi ya Italia ikabaki imekaa tu na muda wake haujaisha. Wakati huo mtoto wa dada naye alikuwa ameingia Italia, hana karatasi, hakuna wa kumpa kazi. Dada akanipigia, "Mdogo wangu, mwambie mwenzake amwazime." Sikufikiri. Kwetu mtu anaazima viatu, anaazima mpaka cheti cha shule. Nikamtumia binti sauti, "Mpe mwenzio hiyo kadi, wewe huitumii. Hao Wazungu watawatofautishia wapi?" Akanijibu, "Mama, huku jina la mtu haliazimwi." Nikamwambia ameshapata kiburi cha Ulaya. Akampa.

Wiki mbili zilizopita alipanda basi kutoka Ujerumani kwenda Austria, kwenye ubatizo wa mtoto wa rafiki yake. Polisi wa Austria wakaingia kukagua paspoti. Ya kwake walipoiweka kwenye mashine wakamwambia ashuke. Jina lake lina hati ya kukamatwa kutoka Italia. Kumbe yule mtoto wa dada alipanga chumba kwa kadi ile, polisi wakakuta simu za wizi zimejaa humo, yeye akakimbia. Barua za kumwita mahakamani zikapelekwa palepale chumbani, hakuna aliyejibu, ndipo hakimu wa Italia akaandika hati.

Mimi nilijua kila nchi na serikali yake. Nikamwambia rafiki yangu Mkenya, mpishi anayekaa Naif hapahapa Dubai, yeye ndiye ananitafsiria Kiingereza cha wakili wa binti yangu kule Austria, "Kama hajaiba kitu Austria, Austria wanamshikia nini?"

Akasema, "Mama, skiza. Hizo nchi zimekubaliana. Moja ikiandika mtu ashikwe, hizo zingine zinashika na kumpeleka. Hakuna kungoja mawaziri, ni korti kwa korti."

"Sasa si atamwambia hakimu kwamba hakuiba?"

Akarudia kusikiliza sauti aliyotuma wakili mara mbili, uso umemshuka. "Anasema jaji wa Austria haamui kama aliiba. Anaangalia karatasi iko sawa, na kama huyu ndiye anatafutwa. Mambo ya kuiba atayasema Italia."

Wakili huyo amewekwa na mahakama. Anasema Alhamisi binti ataulizwa kama anakubali kupelekwa. Akikubali, anapelekwa haraka na hawezi kugeuza neno lake. Akikataa, majaji wanaweza kuchukua hata siku sitini naye yuko ndani, na kukataa mikono mitupu hakutamsaidia. Lakini mwenye nyumba kule Italia anaikumbuka sura ya mpangaji wake. Wakili anataka nimtumie picha ya mtoto wa dada, na maelezo yangu kwamba mimi ndiye niliyeagiza kadi itolewe. Atampa wakili mwenzake wa Italia, waombe hati ifutwe. Kuna kosa la kuazimisha kadi pia, amesema wazi, ila si sawa na kesi ya wizi.

Picha ninayo. Nikamweleza dada. Akasema, "Mwanangu ana mimba ya miezi saba. Unataka ajifungulie jela? Wako hana hatia, mwache aende, akifika wataona si yeye."

"Dada, na wasipoona?"

"Wako nilimlea mimi. Alipougua homa, niliyelala naye hospitali ni mimi, wewe ulikuwa unawaogesha watoto wa Waarabu. Leo unamuuza wangu?"

Yote hayo ni kweli.

Jana binti aliruhusiwa kupiga simu, dakika chache tu. Nilijua atalia. Akaniuliza kama nimekula. Halafu akasema, "Mama, sijamtaja. Nikimtaja, mama mkubwa hataniangalia tena usoni. Lakini nikipelekwa Italia shule ndiyo basi. Kadi ulisema wewe nimpe, nikampa. Na hili sema wewe." Muda ukaisha.

Tangu hapo nimeunguza kanzu mbili za sir. Madam ananiuliza kama naumwa, nasema kichwa tu. Ningemwambia nini? Kwetu mtoto wa dada ni mwanangu, sasa nimeshika simu yenye sura ya mwanangu mmoja, na mwanangu mwingine yuko ndani kwa ajili yangu.

Leo ni Jumatatu. Wakili anasema picha ifike kabla ya Jumatano jioni. Nawaomba, hasa ninyi mlio Ulaya na mnaojua mambo haya, na kina mama wenzangu ambao watoto wenu walilelewa na ndugu. Msinitukane, najua kosa nililianzisha mimi. Niambieni tu, hiyo picha niitume au niache?