Kaka Aliyeliliwa Mara Mbili

Saa tatu asubuhi, Bi Lenzi anafuta kioo chake cha kukuzia maandishi kwa upindo wa gauni, kisha analiinamia daftari la maziko. Jina hilo la utani amepewa na karani wa chumba cha kumbukumbu, na wote wawili hulicheka.

Kazi yake ni kuwatafutia watu ndugu na asili zao. Kwa miaka kumi na tisa amepekua vyeti, barua na picha za watu asiowajua, na ukimwachia nafasi atakutajia babu wa babu yako kabla hujaketi. Lakini leo hana mzaha. Anasoma mstari mmoja ambao angetoa chochote kuusoma miaka sita nyuma.

Wakati huo muuguzi mstaafu alimjia akimtafuta kaka yake, aliyetenganishwa naye utotoni wazazi walipoachana. Daftari lilikuwa limepelekwa kujalidiwa, lingerudi baada ya wiki tatu. Bi Lenzi akatumia orodha iliyonakiliwa kutoka humo, yenye majina tu, bila tarehe wala umri.

"Jina lake, la baba na la babu, yote yalikuwepo," anasema. "Nikamwambia, pole dada, kaka yako alishafariki. Akalia pale pale, akaacha kutafuta."

Mwaka jana, akifuatilia ukoo mwingine, alilifungua daftari lenyewe. Aliyezikwa alikuwa mtoto wa miezi kumi na moja, mwaka mmoja kabla ya kaka huyo kuzaliwa. Wazazi walikuwa wamempa mwana aliyefuata jina la marehemu.

"Kungoja wiki tatu tu kulinishinda!" anasema.

Alimtafuta huku na huko mpaka akaifikia nyumba ya kaka huyo, fundi saa, mjini humu humu. Alichelewa kwa miezi minane: kaka alikuwa ameshazikwa. Mjane alimwonyesha picha ya msichana mdogo, kingo zimelika kwa kukaa kwenye pochi ya mumewe.

"Alikuwa akiuliza habari za dada yake mpaka mwisho," mjane alimwambia.

Kumweleza muuguzi kulikuwa kugumu zaidi. Hakufoka. Alisema, "Mwenzangu, umeniliza mara mbili kwa mtu mmoja."

Bi Lenzi anajuta, na hajifichi. Siku hizi hamtangazi mtu kuwa amekufa kwa kutegemea nakala peke yake, hata mteja akimharakisha vipi.

Jumamosi atampeleka muuguzi kwa wifi yake, yule mjane, akawaone mabinti wawili wa kaka. Muuguzi amekubali kwa sharti moja: aletewe picha ya ukurasa wa daftari aisome mwenyewe. "Maneno yako matupu siyataki tena," alimwambia.

Ndiyo maana Bi Lenzi yuko hapa asubuhi hii, akisubiri karani ampigie picha ukurasa huo.

"Nitamfikisha mlangoni," anasema, akikifuta tena kioo chake. "Wakiniambia karibu, nitaingia. Wasiponiambia, nitakaa nje nimsubiri."